Mwaloni wa Pipa, Mwaloni wa Sato

Huku Kanda ya Ziwa, ukisema unakwenda mwaloni, kila mtu anajua unafuata samaki. Mwaloni ni pale mitumbwi inapotia nanga na sato wakashushwa. Lakini mwaloni pia ni mti wa nchi za baridi, ambao mbao zake huundiwa mapipa ya kulaza mvinyo. Nilitoka Shinyanga mjini na chupa ya Chardonnay iliyotoka kwenye pipa la aina hiyo, nikiupeleka mwaloni mmoja kwa mwenzake.

Mvinyo wenyewe ni wa Elgin, bonde la matufaa karibu na Cape Town, ambako mwinuko na mawingu ya bahari huipoza mizabibu. Zabibu ikiiva taratibu, ukali wake haupotei. Dodoma yetu nayo ina mvinyo mweupe, na jua lake huivisha zabibu mara mbili kwa mwaka. Ila safari hii nilitaka mtoto wa baridi aje kulionja jua la Usukuma.

Shinyanga ilikuwa ikihofiwa kugeuka jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa kuhifadhi ardhi, HASHI, na wanavijiji wakarudia desturi ya wazee wao: kutenga ngitili, malisho yasiyoguswa hadi kiangazi. Leo ngitili hizo zinampa msafiri kivuli. Kahama nilinunua mchele na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi vikaanikwa hadi vikawa vikavu kau.

Rwamgasa, Geita, nilisimama kumtazama mchimbaji mdogo wa dhahabu. Alitia unga wa mawe kwenye karai, akaongeza maji, akaliinamisha huku akilizungusha polepole. Tope likatoka kidogo kidogo, yeye kimya, macho kwenye ukingo. Hakuwa na haraka. Nikasema moyoni, huyu angejua kuonja mvinyo.

Nkome nilifika saa nane mchana. Ziwa lilikuwa limetulia, na upande wa magharibi ndiko kiliko kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977.

“Mwadila, mayu,” nikamsalimu mama anayebanika samaki.

“Mwadila, mwanangu. Hiyo chupa ya nini?”

Nikamweleza. Akacheka, akanipa ndoo yenye barafu ya kuhifadhia samaki. Nusu saa ilitosha, kwani mvinyo huu ukigandishwa kama soda harufu yake hujificha. Unapendeza kwenye nyuzi 10 hadi 13 hivi. Nikamimina kidogo, nikaiinamisha glasi kama lile karai.

“Mimi sinywi,” mama akasema, “lakini lete ninuse.” Akavuta pumzi mara moja. “Hii samli.”

Hakukosea. Ndani ya pipa, bakteria huugeuza ukali wa tufaa bichi kuwa uchachu mwororo wa mtindi, na katika kazi hiyo huzaliwa harufu ya siagi. Mbao za mwaloni, ambazo huchomwa kwa moto pipa linapoundwa, huongeza vanila na moshi kwa mbali. Mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye ng’ombe na kibuyu cha kusukia maziwa hahitaji kufundishwa harufu hiyo.

Sato akaja na ngozi iliyokauka kwa mkaa, nyama nyeupe inajiachia mfupani. Moshi wa samaki ukakutana na moshi wa pipa, na ukali uliosalia ukakata mafuta kama ndimu. Wali wa Kahama ukatuliza vyote. Pilipili niliiweka kando, maana huufanya mvinyo uwake mdomoni.

Kilichonishangaza ni michembe. Mama aliichemsha, akaiunga kwa karanga zilizotwangwa. Utamu wake wa kiazi kilichopigwa jua ulishikana na ile vanila hata nikasahau samaki, nikaomba sahani ya pili.

Ukija Nkome, njoo na chupa yako. Barafu ipo.