Tumenunua Shamba, Sasa Tulifanye Nini?



Kila ninayekutana naye siku hizi swali lake ni moja: "Mnahamia lini?" Mamangu mdogo kaniuliza baada ya tarawehe, mbele za watu. Shoga yangu kaniuliza harusini, mdomo umejaa sambusa. Nami najibu "Inshaallah karibuni," jibu ambalo sote tunajua maana yake. Leo nikae niseme yote, maana wapo maharusi humu ambao mwakani watakuwa pale nilipokuwa mimi: dhahabu mkononi, mume ana hamu ya kujenga, na mwenye nyumba mjini anagonga mlango kila mwisho wa mwezi.

Tulinunua nusu eka upande wa Kizimbani, Unguja, miaka miwili iliyopita. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa yangu. Niliuza bangili sita na kidani cha harusi, nikaongeza na upatu, mume wangu akamalizia. Nililia kidogo kwa sonara, sitawadanganya. Kidani kile kilitoka kwa bibi yangu.

Kwetu Zanzibar ardhi ni mali ya serikali. Anayesema kanunua shamba, kanunua haki ya kulitumia pamoja na vilivyomo. Kwa hiyo swali letu la kwanza lilikuwa kama hizi ni katika zile eka tatu zilizogawiwa watu baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa sababu zile zina masharti yake. La, lilikuwa shamba la urithi, na warithi watano, wawili wanawake. Mume wangu alitaka tumalizane na kaka mkubwa, ndiye anayeshika mambo ya familia. Nikakataa. Nilitaka kuwasikia wale dada wawili kwa masikio yangu wakisema wameridhika. Mmoja alikuwa Tanga, tukamngoja wiki tatu, na dalali akanuna wiki zote tatu. Anuna tu. Mtume (s.a.w.) ametuonya juu ya mwenye kuchukua ardhi ya mtu kwa dhulma, hata ikiwa shibiri moja, kwamba atavishwa ardhi saba shingoni. Sikutaka shibiri yangu iwe ya mwanamke mwenzangu.

Tukaandikiana mbele ya sheha na mashahidi, majina yetu mawili, na sehemu ya kila mmoja ikatajwa. Bwana hakulipenda sana hilo neno "sehemu". Lakini maharusi nisikilizeni: mahari na dhahabu yako ni mali yako, kuolewa hakuihamishi. Ukitaka kumpa mumeo mpe, ni hiari yako na ni mapenzi. Usimpe kwa kusahau kuandika.

Mpaka hapo nilijiona mwanamke mwenye akili sana. Ndipo nikaharibu.

Shamba lina minazi tisa, mikarafuu mitatu mizee, mfenesi, mdalasini pembeni, na katikati mwembe mkubwa ambao kivuli chake peke yake kinatosha maulidi. Chini kwenye mteremko palikuwa na muhogo. Mimi mtoto wa mjini, nimeona muhogo nikadhani ni katika vilivyomo. Wiki ile ile nikamtafuta kibarua, nikamwambia asafishe chini kote, tuone tulichonunua. Akasafisha. Nilipofika Jumamosi muhogo wote umelala chini, mizizi haijafika hata unene wa kidole gumba.

Ulikuwa wa bibi jirani. Marehemu mwenye shamba alimruhusu kulima pale miaka mingi nyuma, kama desturi ya huku ilivyo: panda mazao ya kula, usipande mti wa kudumu, na shamba likihitajika utaambiwa. Hakuna aliyemwambia. Wauzaji walisahau, mimi sikuuliza. Na bibi hakuja kugomba. Adhuhuri alimtuma mjukuu wake na sahani ya kokwa za fenesi za kuchemsha, amefunika na kawa, "bibi anasema karibuni ujirani." Nilishika ile sahani nikatamani ardhi inimeze, hiyo hiyo niliyoinunua.

Nikaenda kwake. Hodi, karibu, shikamoo bibi, marahaba mwanangu. Nikamwomba radhi, nikatoa fedha. Akazisukuma kwa mkono wa nyuma. "Muhogo si kitu mwanangu, unapandwa. Mie naomba njia." Njia gani? Kumbe kijia kinachokatiza shamba letu, kupita chini ya mwembe, ndicho wanawake wa pale wanachopita kwenda kisimani, na chini ya mwembe ndipo wanapokaa alasiri kusuka ukili. Alishasikia kwamba watu wa mjini wakinunua, cha kwanza wanazungusha ukuta.

Na ukuta ndio uliokuwa cha kwanza kwenye ramani ya mume wangu.

Ramani yenyewe alichorewa na rafiki yake kazini. Nyumba ya vyumba vinne na ukumbi, katikati kabisa ya shamba, mwembe ukatwe, ukuta wa matofali pande zote, geti la chuma. Alikwisha kupiga na mambo ya kupimia. Shemeji yangu naye ana lake: tukate viwanja vitatu, tuuze viwili, kimoja tujengee kwa faida. Mkwe wangu anasema msijenge chochote, pandeni migomba na majimbi, nyumba ya shamba hupata mchwa. Mimi nilikuwa sijui ninataka nini. Nilichojua ni kwamba nikiufikiria ule mwembe ukianguka namwona yule bibi na kawa lake.

Usiku huo tukagombana. Akasema, "Nitajenga ninavyotaka, ni ardhi yangu." Nikamwambia theluthi mbili ni bangili zangu. Ni kweli, na nisingelisema. Kuna maneno ya haki ambayo ukiyatoa saa nne ya usiku na mtu kachoka hayabaki kuwa haki, yanakuwa fimbo. Siku mbili tukala chakula kimya kimya kama wageni hotelini.

Nilikwenda kwa ustadhat wangu wa chuoni kuuliza mambo mawili. La kwanza, muhogo. Akanieleza kwamba ukiuziwa ardhi, miti huingia katika mauzo, lakini mazao ya kuvunwa mara moja yaliyokwisha kupandwa hayaingii mpaka mkubaliane; ni ya aliyepanda, naye huachiwa mpaka wakati wa kuvuna. Kwa hiyo nina deni. Kama bibi hataki fedha basi nimridhishe kwa anachokitaka, na asamehe kwa ulimi wake. La pili, viwanja vya shemeji. Akasema ardhi uliyonunua kwa kukaa au kulima haina zaka juu ya thamani yake. Uliyonunua kwa nia ya kuiuza upate faida ni bidhaa, na kila mwaka utaitathmini na kuitolea asilimia 2.5 hata kama mnunuzi hajatokea. Hilo lilimnyamazisha shemeji kuliko hoja zangu zote. Mtu asiye na fedha taslimu hataki kusikia habari ya kutoa kila mwaka.

Nikarudi kwa mume wangu na ombi moja tu: tungoje masika yapite. Hatujengi, hatukati, tunakwenda kila mwisho wa wiki tunakaa. Alikubali, nadhani kwa sababu saruji ilikuwa imepanda bei.

Basi tukawa watu wa mkeka. Tunapanda gari ya shamba Jumamosi asubuhi na mtoto, jiko la mkaa, birika, na mkeka wa kuswalia. Nilijifunza kwamba udongo wa juu ni kinongo, ule mwekundu unaoshika nguo na hautoki, na wa chini karibu na mteremko ni mzito zaidi na unakaa maji. Nina jamaa Makunduchi, kule kwenye mawe, ambao wanalima kwenye vishimo vya udongo katikati ya jiwe; walipokuja kututembelea waliushika ule udongo mkononi wakatutazama kama watu tusiojua tulichonacho. Hatukujua kweli.

Mwezi wa Aprili, mvua kubwa ya siku tatu. Jumamosi tulipofika, mambo ya mume wangu yalikuwa yamesimama ndani ya maji. Maji yanashuka kutoka barabarani, yanapita katikati ya shamba, chini ya mwembe, hadi mtelezoni. Pale pale penye "master bedruum," kama anavyoiita. Alisimama ameshika viatu, suruali imekunjwa magotini, akatazama muda mrefu. Nilijizuia kusema neno, na Mungu ndiye shahidi yangu, lilikuwa jambo gumu.

Bibi alikuwa barazani kwake. Akasema, "Hapo hupita maji tangu mie mwali."

Kuna na la karo. Ramani iliweka karo la choo chini, upande wa kisima cha majirani. Nilihesabu hatua: kumi na mbili. Mafundi wenye kujali watakwambia karo na kisima viachane mita 30 angalau, na shimo lisichimbwe mpaka likafikia maji ya chini. Tungekuwa tumejenga nyumba nzuri, tumezungusha ukuta, na huku tunawanywesha majirani uchafu wetu bila hata kujua. Hili ndilo lililombadilisha mume wangu, si mafuriko. Yeye ni mtu wa hasira za haraka lakini si dhalimu.

Tukachora upya, mara hii sisi wawili, kwenye daftari la mtoto. Nyumba imepanda juu, karibu na barabara, penye kinongo kikavu. Vyumba viwili na baraza, na nafasi ya kuongeza viwili baadaye Mungu akijaalia. Kwetu kibla ni kaskazini hasa, basi tumeifuata: madirisha makubwa yatazame kibla na kusini, ili kaskazi iingie upande mmoja na kusi upande mwingine, na jua la alasiri lipige ukuta mfupi usio na dirisha. Choo kimekaa mashariki na magharibi, kwa adabu ya kibla. Karo liko juu pembeni, mbali na kisima kwa hatua ambazo nimezihesabu mwenyewe mara tatu, fundi akinicheka.

Maji tutakinga ya paa. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu ni kama mita 80, mvua ya milimita 10 ni lita 800, na masika hutupa siku nyingi za namna hiyo. Tangi kwanza, marumaru baadaye. Wanawake wenzangu, mtu atakushawishi uanze na marumaru. Muulize atakuja kukuchotea maji?

Miti yote imebaki isipokuwa mnazi mmoja uliokuwa umekufa kichwa. Mikarafuu mitatu haitatutajirisha, ila tutaianika wenyewe na kuipeleka ZSTC kama wengine. Na muhogo umepandwa tena kule mtelezoni, wa bibi, mbegu nimenunua mimi na mashimo kachimba mume wangu. Kavuna msimu wa kwanza. Nilipomuuliza kama kanisamehe alishangaa, akaniambia alikwisha kusamehe siku ile ile ya kokwa za fenesi. Nikamwomba aseme hivyo hivyo, akasema.

Limebaki la ukuta. Mimi nataka ua wa makuti kuzunguka uwani tu, nikae bila mtandio nikipika, na huko nje kijia kibaki, kisogezwe kando kidogo na kiandikwe kwa sheha, ili hata watoto wetu wasije wakakifunga. Mume wangu kijia kakikubali, lakini bado anataka tofali pande tatu. Ana hoja yake: wizi upo, nami nitakuwa peke yangu na watoto akiwa zamu ya usiku. Siwezi kusema hana haki. Tumeswali istikhara, kila mtu yake, na kila mtu kaamka na rai yake ile ile.

Nyumba imefika kwenye linta. Wiki iliyopita fundi alipiga simu kuuliza dirisha la jiko lifunguke upande gani, anataka kuanza kozi inayofuata. Nikampa simu mume wangu. Nikamsikia akisema, "Kwenye mwembe, bwana. Yeye anataka kuwaona wale wanaosuka."