Alama ya pulii ilidanganya: Coccinelle ya mwalimu wa Kadutu

BUKAVU – Watoto wa Kadutu waliizoea Volkswagen Coccinelle ya mwalimu mmoja wa pensheni kwa mlio wake. Gari ikiwa bado chini ya kilima, wao wameshasema: "Mwalimu anakuja." Kisha mlio ukabadilika. Kila ikipanda, kulisikika kitu kama mawe ndani ya kopo, na baada ya majuma machache pistoni ya silindari ya tatu ikatoboka.

Mwalimu akauza ng'ombe. Aliyezaliwa Bushi hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa pesa ile pistoni na silindari mpya zilinunuliwa, motere ikafungwa, gari ikatembea. Siku ya tatu, kwenye mlima uleule, mawe yakarudi ndani ya kopo. Ng'ombe wa pili hakuwepo.

Garaje iliyofanya kazi hiyo ni uwanja wenye mabati mawili na mwembe mmoja. Mwenyewe ni muzee aliyeanza kutengeneza magari akiwa kijana, na mikono yake inaheshimiwa. Alimaji yeye anaipanga kwa sikio: analegeza delko, anaizungusha huku motere inanguruma, na pale inaponguruma vizuri zaidi anaikaza. Magari mengi yametoka pale yakiwa mazima. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumwambia kitu.

Aliyemwambia ni mwanafunzi wake, kijana aliyesoma mekaniki shuleni, ambaye pale garajeni kazi yake kubwa ilikuwa kuosha vipande kwa mafuta.

"Papa, samahani. Hii motere, pulii yake ilitoka wapi?"

"Pulii ni pulii, mutoto."

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Motere ile ina baba watatu. Mwili wake ni wa 1600, uliotolewa kwenye Kombi iliyogongwa. Pulii ilitoka kwenye motere ya 1200 ya zamani. Delko si ile ya kiwanda: ni Bosch ya aina ya 009, ambayo mafundi wengi wanaifunga kwa sababu haina mpira wa hewa wa kuharibika. Kila kipande ni kizima, lakini havikuzaliwa pamoja.

Pulii ya Volkswagen ina mkato mdogo pembeni. Mkato ukisimama sawa na mstari ambapo nusu mbili za mwili wa motere zinakutana, unakuambia pistoni ya kwanza iko wapi. Ila mkato hauna maana moja kwa magari yote. Kwenye motere fulani ni sufuri, yaani pistoni iko juu kabisa. Kwenye zingine ni degre 7.5 au 10 kabla ya kufika juu. Kwenye motere kadhaa za mwanzo wa miaka ya 1970 ni degre 5 baada ya juu. Ukihamisha pulii, unahamisha pia lugha yake, na hakuna kitabu cha kukutafsiria motere ambayo kiwanda hakikuitengeneza.

Safari hii, kwa kuwa motere ilikuwa na pistoni mpya, muzee alitaka kuwa mwangalifu. Hakutumia sikio peke yake. Aliuona mkato mmoja kwenye pulii, akauchukua kuwa sufuri, akapima mbele yake nafasi ya degre 7.5 na kukata alama yake mwenyewe kwa tupa. Yaani aliharibu siku aliyojaribu kufuata sheria, na hilo linauma zaidi kuliko uzembe.

Kijana aliomba saa moja tu. Alichukua bujii ya zamani, akavunja kauri yake, akachomelea bulo mahali pake. Alitoa bujii zote nne, akafunga ile ya bulo kwenye silindari ya kwanza, kisha akazungusha pulii kwa mkono polepole mpaka pistoni ikagusa bulo. Akaweka alama. Akazungusha upande wa pili mpaka ikagusa tena, akaweka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pistoni inapokuwa juu kabisa, bila kuuliza kiwanda wala mtu.

Mkato wa pulii haukuwa pale. Ulikuwa milimita 15 mbele.

Akaazima utepe wa fundi cherehani wa jirani. Mzunguko wa pulii: sentimita 55. Gawanya kwa 360, kila degre inachukua karibu milimita moja na nusu. Kwa hiyo mkato ulikuwa degre 10 kabla ya juu, na alama ya tupa, iliyoongezwa mbele yake, ilikuwa 17.5. Delko ya 009 nayo, motere ikikimbia, inaongeza yenyewe zaidi ya degre 20. Jumla inafika karibu 40, wakati motere ya namna hii inataka 28 hadi 32.

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini basi gari iliwaka haraka na kunguruma vizuri. Ni kwa sababu motere isiyo na mzigo inapenda moto wa mapema. Sikio linasikia hilo na kufurahi. Mlimani ni habari nyingine: moto unawaka wakati pistoni bado inapanda, unaisukuma kichwani kabla ya wakati wake, joto linazidi. Silindari ya tatu ndiyo inalipa kwanza, maana kwenye motere nyingi za kabla ya 1971 kipoza mafuta kimekaa kwenye njia ya hewa yake.

Muzee hakukubali mara moja. "Bukavu iko juu," alisema. "Hewa ni nyepesi, moto unachelewa. Lazima uusogeze mbele." Na alikuwa na haki. Kwenye mita karibu 1 500, motere inavumilia degre moja au mbili zaidi. Lakini si kumi, na mafuta ya chupa ya kadhafi huwezi kujua yamechanganywa na nini.

Kijana alianza na visi platine, nafasi ya milimita 0.4, kwa sababu ukiigusa baadaye alimaji yote inahama. Akaweka alama mpya kwa verni ya kucha ya binti wa mwalimu: moja milimita 11 na nusu kabla ya juu, nyingine milimita 46, yaani degre 30. Akafunga ampuli ya gari, waya mmoja kwenye bobini upande wa delko, mwingine kwenye masi. Akawasha kontakti, akazungusha delko upande wa saa mpaka taa ikazima, akairudisha polepole mpaka ikawaka. Akakaza. Baadaye aliazima taa ya stroboskopi, akakanyagisha motere mpaka alama ikaacha kuhama. Verni ya degre 30 ilisimama kwenye mstari.

Mwili wa delko ulikuwa umesogea degre tano tu, kwa sababu mhimili wa delko unazunguka nusu ya mwendo wa motere. Kwa jicho, karibu hakuna kitu.

Mwalimu aliendesha mwenyewe, muzee pembeni, kijana nyuma. Gari ilikuwa nzito kidogo kuwaka. Walipanda Kadutu kwa vitesi vya pili, dirisha wazi, hakuna aliyezungumza. Kufika juu, mwalimu alizima motere na kusikiliza ilivyotulia.

"Hakuna mawe," alisema.

Muzee hakujibu. Waliporudi garajeni alichukua tupa, akainama kwenye pulii, akaifuta alama yake. Kesho yake asubuhi alimwita kijana kabla ya chai.

"Ile bujii yako ya bulo iko wapi? Kuna Kombi ya parokia inakuja."