Bao bila dau



Nilipohamia kijiji hiki niliitisha vikao vitatu kuwakutanisha wakulima wa mahindi na wanunuzi. Wote walikaa kimya, kila mmoja akiogopa kutaja bei. Jioni moja nikaketi nao kwenye bao. Katikati ya mchezo mnunuzi mmoja akasema lori lake hurudi mjini nusu tupu kila Alhamisi. Wakulima wanne wakapatana naye palepale.

Baadaye tukaanza kuwekeana dau la shilingi 1,000. Nikamfunga jirani yangu mara tano mfululizo. Hakunisalimia msimu mzima, na eneo alilotuahidi kwa shamba darasa akalikodisha kwa mwingine.

Ushauri wangu: chezeni, aliyefungwa ampishe mwenzake. Fedha ziishie kwenye mizani.