Kati ya Angani na Oman, Wapi Mbali?

Nyie, leo sina ubuyu wa staa yeyote. Ninao wa nyota zenyewe, zile za juu, na umeletwa na mtoto wa darasa la tatu ambaye kwa wiki mbili amenifanya nikeshe nasoma habari za roketi badala ya kuangalia nani kaachana na nani.

Ni mtoto wa dada yangu. Dada yuko Oman, kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili ambao sasa umeingia wa tatu. Dogo nakaa naye mimi hapa Dar, ananiita mamdogo.

Ilianza siku umeme umekatika. Tumetandika mkeka nje, saa moja na kitu hivi, akaona kitu kinang'aa kinapita juu taratibu bila kuwaka-waka. "Mamdogo, ndege gani ile haina sauti?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni nyota inahama. Msinicheke. Kesho yake karudi shule kanuna, mwenzake kamwambia mamdogo wako muongo. Nikaingia Google. Kumbe kile kilikuwa kituo cha anga cha kimataifa, watu wamo ndani wanaishi, na kinaizunguka dunia nzima kwa dakika kama 90. Kwa siku moja wanaona jua likichomoza mara 16.

Hapo ndo nikawa nimejichongea, maana maswali hayakuisha. Wanajisaidiaje? Choo chao kinanyonya kwa hewa, la sivyo mzigo unaelea na wewe unaelea nao. Mkojo je? Unachujwa, unarudi kuwa maji ya kunywa. Asubuhi ile dogo alikataa chai.

Lililonitoa jasho ni la kuelea. Na mimi nilikuwa nimekariri kwamba huko juu dunia haivuti. Kumbe inavuta, karibu asilimia 90 ya inavyotuvuta sisi hapa chini. Wale watu wanaanguka tu, muda wote. Nikampa dogo embe nikamwambia arushe: unaona, linakwenda mbele huku linadondoka. Sasa fikiria umelirusha huko juu kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa. Kila likidondoka, dunia nayo inapinda chini yake, basi halifiki chini, linazunguka tu. Wanaanga wanaanguka pamoja na nyumba yao, ndo maana wanaelea ndani. Embe letu lenyewe lilitua kwenye beseni la nguo la jirani, tukaenda kuomba msamaha.

Siku nyingine akauliza ni mbali kiasi gani. Nikamwambia kilomita kama 400, kama hapa mpaka Dodoma ukienda moja kwa moja bila kufuata barabara. Akatulia.

"Na Oman?"

Karibu 4,000.

"Kwa hiyo wale wa juu wako karibu kuliko mama."

Aisee. Wiki nzima nilidhani najibu maswali ya anga.

Sasa niwaambie ambacho dogo alikuwa hajui. Simu ya dada ilikuwa haipatikani siku kumi na moja. Pasi ya kusafiria anashika bosi wake, na simu nayo huwa anachukuliwa wakiamua. Mtoto nilimwambia mtandao wa kule unasumbua. Na ni mimi huyo huyo niliyemfundisha, siku mbili kabla, kwamba wanaanga wanapiga simu nyumbani na wanaonana na watoto wao kwa video. Akaniuliza, "Mtandao wa angani unashika, wa Oman ndo haushiki?" Nikajifanya naangalia maharage jikoni.

Usiku ule akataka kujua kama kuna mtu amewahi kukwama huko. Nilikuwa nimechoka kudanganya. Nikamsimulia wale Wamarekani wawili, mwanaume na mwanamke, walioondoka Juni 2024 kwa safari ya siku kama 8. Chombo chao kikawa na hitilafu, kikarudishwa duniani kitupu, wao wakabaki. Walirudi Machi 2025. Miezi tisa!

"Walirudi na nini?"

Chombo kingine.

"Nani alikituma?"

Wenzao wa huku chini.

"Sisi mama tumemtumia nani?"

Sikulala. Asubuhi nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kwa wakala aliyempeleka dada, nikakaa kwenye benchi lake. Akaniambia nirudi wiki ijayo. Nikamwambia siondoki mpaka nisikie sauti ya dada yangu au yeye anieleze kwa nini siwezi kuisikia. Saa kumi jioni bado nipo, wateja wake wanaingia wananikuta. Mengine niliyosema pale hayaandikiki. Alipiga simu tatu mbele yangu, ya mwisho akaanza kupaza sauti Kiarabu.

Kesho yake saa nne usiku simu ikaita. Ni dada. Kule ilikuwa saa tano, ndo kwanza kamaliza vyombo, anaongea kwa sauti ya chini. Mzima, kakonda. Tarehe ya kurudi bado hatuna. Wakala kaahidi, na mimi benchi lake nimeshalizoea.

Dogo alitakiwa awe amelala. Akanipokonya simu, hata shikamoo hakutoa.

"Mama, angalia dirishani. Unauona mwezi?"

Dada akasema anauona nusu, umezibwa na tangi la maji la jirani. Dogo akatoka nje na simu, miguu peku, akaangalia juu.

"Ndo huu huu. Huo uko kilomita 384,000, mamdogo kasoma. Wewe mbona uko karibu tu."

Kimya upande wa pili, nikasikia dada anavuta kamasi. Dogo akasubiri kidogo, kisha akamuuliza kama vyoo vya huko na vyenyewe vinanyonya.