Karatasi Isiyokuwa Karatasi: Plastiki na Riziki katika Nchi ya Gusii

Katika masoko ya Kisii na Nyamira, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Kenya, kitu kiitwacho karatasi aghalabu si karatasi. Mnunuzi amwambiaye muuzaji, "Mama, nitilie kwenye karatasi," hatarajii gazeti kuukuu; anatarajia mfuko wa nailoni. Neno juala lipo, na walimu hulisisitiza darasani, lakini huko sokoni halijapata kushika kasi. Wapenzi wa lugha wanaweza kuliona jambo hili kuwa dogo, kisa cha kawaida cha neno kuhama maana. Hata hivyo, jina hilo limebeba dhana. Karatasi ni kitu kinacholowa, kinachochanika, kinachooza na kusahaulika. Anayeitupa mtaroni hana hatia kubwa moyoni, kwa kuwa anajua mvua mbili tatu zitaimaliza. Ndivyo nailoni ilivyoingia Gusii: kwa jina la kitu kingine, ikarithi na mazoea ambayo watu walikuwa nayo kwa kitu hicho.

Na kabla ya karatasi kulikuwa na jani. Nchi ya Abagusii ni nchi ya migomba, na mgomba haukuwa chakula tu. Jani lake lilifungia vitu, likafunikia chungu, likatandikwa chini. Magamba yake yaliyokauka yakawa kamba. Obokima, yaani ugali wa wimbi, uliwekwa katika ekee, kikapu kilichosukwa kwa ustadi ambao leo huonekana zaidi katika sherehe kuliko jikoni. Vitu hivi vilipochakaa vilitupwa shambani, navyo vikaoza na kuirutubisha ardhi. Kwa hiyo wanaowalaumu wakulima wa sasa kwa tabia ya kutupa ovyo yafaa wakumbuke kwamba tabia yenyewe ilikuwa njema kwa vizazi na vizazi. Kilichobadilika ni kitu kinachotupwa.

Serikali ilichukua muda mrefu kulikabili suala hili. Mwaka 2007 ilijaribu kupiga marufuku mifuko myembamba kuliko mikroni 30, na mwaka 2011 ikajaribu tena kwa kiwango cha mikroni 60. Majaribio yote mawili yaligonga mwamba. Hatimaye, mnamo Februari 2017, Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Profesa Judi Wakhungu, alichapisha katika Gazeti Rasmi la Serikali ilani ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Ilani hiyo ilianza kutekelezwa tarehe 28 Agosti 2017. Adhabu yake iliutikisa ulimwengu: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4. Chama cha wenye viwanda kililalamika kwamba ajira zipatazo 60,000 zingepotea. Malalamiko hayo yalisikika Nairobi, yakajadiliwa magazetini, yakafikishwa mahakamani. Malalamiko ya muuza mboga wa Daraja Mbili, soko kubwa la wazi mjini Kisii, hayakuwa na wakili.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kabla ya marufuku, mfuko wa nailoni ulikuwa rahisi mno hata ulitolewa kama nyongeza, ishara ya ukarimu wa muuzaji. Baada ya marufuku ulikuja mfuko unaofanana na kitambaa, unaouzwa shilingi tano au kumi kulingana na ukubwa wake. Tuseme fungu la chinsaga au la managu linauzwa shilingi ishirini. Mfuko wa shilingi tano ni robo nzima ya bei hiyo. Muuzaji akimtoza mnunuzi, mnunuzi huvuka njia akaenda kwa jirani. Akiubeba mzigo huo mwenyewe, faida ya siku inaliwa na mifuko. Haistaajabishi, basi, kwamba nailoni iliyopigwa marufuku iliendelea kupenyezwa kupitia mipakani, ikafichwa chini ya meza na kutolewa kwa mteja anayefahamika. Mwanamke anayefanya hivyo huhatarisha faini asiyoweza kuikusanya maisha yake yote, kwa ajili ya kuokoa shilingi tano. Kinaya kilichoje! Na mfuko huo wa kitambaa nao, kwa kweli, mara nyingi umetengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Ukichakaa hupukutika vipande vipande.

Pamoja na hayo, ingekuwa makosa kuhitimisha kwamba marufuku iliwaonea maskini na kwamba nailoni ilikuwa neema kwao. Gharama ya nailoni haikuwahi kuwa ndogo; ililipwa tu na mtu mwingine, mahali pengine. Katika nchi pana yenye mbuga tupu mtu anaweza kujidanganya kuwa taka imekwenda "huko". Gusii hakuna huko. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kwa Kisii hao ni zaidi ya watu 950 katika kila kilomita moja ya mraba. Mashamba yamegawanywa baina ya baba na wana, na wana na wajukuu, hadi mengine yakawa vipande vya kupanda mistari michache ya mahindi, migomba na chai. Kila kinachotupwa huangukia shamba la mtu. Jaa la taka, popote litakapowekwa, litapakana na boma la mtu. Ndiyo maana ugomvi kuhusu mahali pa kutupa taka huwa mkali mno katika eneo hili, na ndiyo maana taka nyingi huishia mahali pekee ambapo hakuna mwenye hati miliki, yaani mtoni.

Isitoshe, ni nchi ya vilima na mvua nyingi. Kinachoachwa barabarani asubuhi huweza kuwa bondeni jioni. Mto Nyakomisaro unapita katikati ya mji wa Kisii na kuchukua chochote kinachosombwa na mitaro. Mto Gucha, unaoanzia katika vilima vya Nyamira, hushuka kuelekea magharibi. Ukifika kwa Waluo unaitwa Kuja, kisha unaungana na Mto Migori na kumwagika katika Ziwa Viktoria huko Nyatike. Watu wa juu na watu wa chini wameupa mto mmoja majina mawili, na pengine hilo nalo limewarahisishia wa juu kusahau kwamba kuna wa chini.

Lakini mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Plastiki haiozi, inapigwa na jua, inasuguliwa na mawe, inakatika hadi kuwa chembechembe zisizofikia milimita 5, nyingine zisizoonekana kwa macho. Watafiti waliowachunguza sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza, upande wa Tanzania wa ziwa hilohilo, walitangaza mwaka 2016 kwamba katika kila samaki watano, mmoja alikuwa na chembechembe hizo tumboni. Hakuna awezaye kusema chembe fulani ilitoka kwenye mtaro wa Kisii. Linalojulikana ni kwamba samaki wa ziwa hilo, mbuta, ngege na omena, hupandishwa kila siku kwa magari hadi masoko ya Kisii na Nyamira, na kwamba omena huliwa mzima, tumbo na vyote. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walitangaza kuzipata chembechembe za plastiki katika damu ya binadamu. Madhara yake kwa afya bado yanachunguzwa, nao uchunguzi huo haumsubiri mlaji wa omena.

Ziko hasara zisizohitaji hadubini. Katika mashamba madogo ng'ombe hufungwa kamba kando ya barabara ili ajilishe, na kando ya barabara ndiko mifuko ilikojaa. Mwaka 2017 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza kwamba katika machinjio ya Nairobi ng'ombe wengine walikutwa na mifuko ipatayo 20 tumboni. Kwa familia yenye ng'ombe mmoja wa maziwa, kifo chake ni kukatika kwa karo na mboga kwa pigo moja. Halafu kuna jikoni. Baadhi ya wapishi wa vibandani hufunika sufuria ya ndizi au githeri kwa nailoni ili mvuke usitoke na makaa yasiishe. Ni kazi ileile iliyofanywa na jani la mgomba, na katika Gusii jani lenyewe huwa linapepea hatua chache tu kutoka kwenye kibanda hicho! Wengine huwashia makaa kwa vipande vya plastiki, na moshi wake huvutwa kwanza na mama na mtoto aliye mgongoni.

Haki lazima itendeke hata kwa plastiki. Mtungi wa lita 20, uliokuwa wa mafuta ya kupikia, umewapunguzia wasichana wa vilima hivi uzito wa chungu cha udongo, nao hutumika kwa miaka. Miche ya chai, zao linalolisha viwanda vya Sanganyi, Tombe, Nyansiongo na vinginevyo, hukuzwa katika viriba vya nailoni. Nepi za kutupwa zimempa mama mchuuzi nafasi ya kushinda sokoni na mtoto wake. Hapo kwenye nepi, ambazo marufuku ya 2017 haikuzigusa, pana tatizo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Katika sehemu nyingi za Kenya imeenea imani kwamba kuchoma nepi ni kumdhuru mtoto aliyeivaa. Choo cha shimo kinazikataa kwa kuwa kitajaa upesi. Zinabaki kutupwa usiku kichakani au mtoni, na kesho yake mtu mwingine anateka maji hapo. Wa kulaumiwa si mama huyo peke yake. Aliuziwa bidhaa bila kuambiwa mwisho wake ni wapi.

Katiba ya mwaka 2010 imeikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ikaongeza kwamba taka zitenganishwe zinakotoka na vituo vya kuzichambua vijengwe. Pale Keroka sheria hizo zinakutana na mpaka. Mji huo umekaa juu ya mstari unaozitenganisha Kisii na Nyamira, na tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 kaunti hizo zimezozana juu ya nani ana haki ya kutoza ushuru wa soko. Mzozo umekuwa juu ya ushuru. Hakuna aliyewahi kusikika akigombea taka. Muuza ndizi hutozwa ushuru kabla hajauza chane ya kwanza. Jioni, akiisha kufunga mizigo, hufagia mabaki yake mwenyewe kwa tawi la mti: maganda upande huu, majani upande huu, na vipande vya nailoni alivyoletewa na upepo kutoka kwenye meza za wengine. Maganda na majani hupata mwenye ng'ombe wa kuyachukua. Nailoni hubaki.