Kuyafuata Maji ya Alhambra

Tiketi ya Alhambra huandikwa saa. Yangu ilisema saa saba na nusu mchana: huo ndio wakati wa kuingia katika majumba ya masultani wa Banu Nasr, na ukichelewa, shauri yako. Mimi nilikuwa nimeshapanda kilima tangu asubuhi, kwa hiyo nikaanzia bustanini. Wageni wengi hufanya kinyume, hukimbilia majumba kwa sababu ndiyo waliyoyaona kwenye picha. Wanayakuta maji mwishoni, ilhali bila maji hayo kusingekuwa na jumba wala bustani.

Kilima hiki cha Granada, kusini mwa Hispania, hakina mto juu yake. Mto Darro unapita chini bondeni. Muhammad bin al-Ahmar, mwasisi wa ufalme wa Banu Nasr, aliingia mjini mwaka 1238 na kuanza kujenga ngome ya Alhambra juu ya kilima, na mojawapo ya kazi zake za kwanza ilikuwa mfereji. Mafundi wake waliupanda mto kiasi cha kilomita 6, mpaka mahali palipo juu kuliko ngome, wakayachepusha maji hapo na kuyaongoza ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno. Maji yakaja yenyewe, bila kuvutwa na mtu. Hufika kwanza Generalife, bustani ya mapumziko ya masultani, ndipo yavuke kwenda ngomeni.

Generalife imepangwa kwa matuta ya ngazi ubavuni mwa kilima. Katika ua wake mkuu, mfereji wenyewe unapita katikati, mrefu na mwembamba, maua yamepangwa huku na huku. Vile vijito vinavyorushwa hewani na kukutana juu ya mfereji, ambavyo kila mtu huvipiga picha, viliongezwa katika karne ya 19. Masultani hawakuviona. Mimi naona wao walikuwa na ladha bora zaidi: maji yalipita polepole, na mwenye kutaka kuyasikia alitega sikio. Kilichonifurahisha kuliko maua ni mashamba ya mboga yaliyo chini ya kuta. Yalilimwa zamani kulisha ikulu, na hadi leo yanalimwa.

Juu zaidi kuna ngazi ambayo sijaona mfano wake. Kuta zake fupi, zile za kushikilia mkono, zimechimbwa mifereji mgongoni, na maji yanateremka humo pande zote mbili za mpandaji. Nikaingiza vidole. Maji baridi yakanipanda hadi kwenye kifundo cha mkono, yakanizunguka, yakaendelea na safari. Kila baada ya kipande cha ngazi kuna kituo chenye chemchemi ndogo, na miti juu imefunga kivuli kama dari. Jua la Andalusia likiwa utosini, nikasadiki kwamba aliyeibuni ngazi ile alikuwa mtu anayelijua joto.

Saa saba na nusu nikasimama foleni na wenzangu. Ndani, chumba cha kwanza na cha pili nilivipita haraka, nikatokea Ua wa Mihadasi. Hapa maji yanafanya kazi nyingine kabisa. Birika ni refu, limepakana kulia na kushoto na ua wa mihadasi uliokatwa sawasawa, na Mnara wa Comares, wenye urefu wa mita 45, umelala ndani yake kichwa chini. Nilichuchumaa pembeni kutazama jinsi maji yanavyoingia. Yanatoka kwenye sahani ya marmar iliyo chini sakafuni, yanapita kwenye kijia kifupi, kasi inavunjwa njiani, na yakifika birikani hayatikisi kitu. Fundi alihesabu hata hilo, ili kivuli cha mnara kisivunjike.

Kwenye njia ya kuingilia ukumbi wa mnara kuna vidaka viwili, kulia na kushoto, vimenakshiwa na kuzungushiwa mashairi. Vilikuwa vya mitungi ya maji. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kidaka ni nini, lakini hivi vinamkaribisha mgeni kwa maji hata kabla hajamwona sultani.

Ukumbi wenyewe ulijengwa zama za Sultani Yusuf I, katika karne ya 14. Dari yake imeungwa kwa vipande 8,017 vya mbao, nyota juu ya nyota, kuziwakilisha mbingu saba, na chini yake imezungushiwa Sura ya al-Mulk. Mzee mmoja wa Morocco, aliyekuja na wajukuu, alikuwa ameinua uso akiisoma kwa sauti ya chini. Nikaidaka aya na kuendelea naye. Akageuka.

“Wewe ni wa wapi, mwanangu?”

“Kilwa, Haji. Afrika Mashariki.”

“Kilwa!” Akawaita wajukuu wake. “Ibn Battuta wetu alifika kwa huyu kabla hajafika hapa.”

Ni kweli. Ibn Battuta, msafiri mzaliwa wa Tangier, alifika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akamsifu kwa ukarimu wake. Granada alifika karibu miaka 20 baadaye, mnamo 1350. Sultani Yusuf alikuwa mgonjwa, hawakuonana, ila mama yake sultani alimpelekea mgeni dinari za dhahabu. Hapo Granada ndipo alipokutana na Ibn Juzayy, kijana aliyekuja kuiandika safari yake yote kwenye kitabu. Basi habari za Kilwa yetu ziliandikwa kwa kalamu ya mtu wa Granada. Nikamweleza Haji kuhusu Husuni Kubwa, jumba la karne ile ile, lenye birika la pembe nane juu ya jabali la matumbawe linalotazama bahari. Akaniuliza kama bado lina maji. Nikamwambia limekauka zamani.

Ua wa Simba ulijengwa na Muhammad V, mwana wa Yusuf. Nguzo 124 nyembamba zimebeba nakshi za lipu kama lesi, na katikati simba 12 wa marmar wamebeba sinia la maji. Aliyewahi kumwona simba wa Serengeti atatabasamu, maana hawa hawatishi hata mtoto. Lakini kutoka kwao mifereji minne inatambaa kwenda pande nne, na inaingia mpaka ndani ya kumbi. Maji yaliyoanza mtoni yameishia sebuleni.

Karibu na majumba hayo Mfalme Carlos V wa Hispania alianza kujenga jumba lake mwaka 1527. Nje ni mraba, ndani ni duara, na zito kila upande. Wataalamu hulisifu. Mimi nilifikiria zaidi fedha zake: sehemu kubwa ilitoka katika kodi walizotozwa wazao wa Waislamu wale wale waliosalimisha mji tarehe 2 Januari 1492. Walipoasi mwaka 1568, ujenzi ukakwama. Mwaka 1609 amri ya kuwafukuza nchini ikaanza kutekelezwa. Mfereji wao haukufukuzwa.

Ukipanga kwenda, nunua tiketi mapema, kwa sababu huisha, na ubebe pasipoti, kwani jina hukaguliwa. Chagua saa ya mchana kwa majumba, asubuhi panda Generalife, kisha shuka na maji. Na kama hujafika Kilwa Kisiwani, anzia huko: ni karibu zaidi, ni rahisi zaidi, na Ibn Battuta mwenyewe alifika huko kabla ya Granada.