Taa ya Njano Njiani Lushoto

Akina mama wenzetu, safari ya kutoka Tanga kwenda Lushoto ni ya kumshukuru Mungu kwa macho aliyotupa. Ukishapita Muheza na Segera na kuiacha Korogwe nyuma, mashamba ya mkonge yanakusindikiza, na upande wa kulia milima ya Usambara inasimama kama ukuta. Mombo unakata kulia, na barabara inapanda kwa kona nyingi, kama kilomita 33, ikipita maporomoko ya Soni hadi mji ambao zamani Wajerumani waliuita Wilhelmstal.

Tulikuwa akina mama sita wa kanisa, tukienda kuwapima presha wenzetu waliokuwa wakitungoja huko juu. Mmoja wetu aliendesha gari la nyumbani kwake, lile la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Tangu Muheza tulisikia mvumo mbele, chini ya miguu yetu, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Gari likienda kasi, nao unapanda. Mwenzetu akasema una wiki tatu sasa, na baba watoto amesema ni matairi tu. Basi sisi tukafanya nini? Tukaimba kwa sauti zaidi!

Tulipokaribia Mombo ikawaka taa ya njano: picha ya kigari chenye mistari miwili iliyojipinda nyuma yake. Ikafuatiwa na ile yenye herufi ABS. Nyimbo zikakatika.

Taa ile ya kigari ni ya mfumo unaolizuia gari lisiserereke kwenye kona. Ikimweka kidogo mahali penye utelezi, mfumo uko kazini. Ikiwaka na kubaki hivyo, mfumo umezimwa au una hitilafu. Kwa kawaida breki za kila siku bado zinashika, lakini ule msaada wa kwenye kona huna tena. Ikiwaka taa nyekundu ya breki, hapo usiendelee. Simama mahali salama.

Kijana wa gereji ya kwanza alitazama dashibodi, akasema, "Mama, hiyo naifuta kwa mashine, dakika tano mnaondoka." Tunakiri kwamba maneno yale yalitupendeza. Wenzetu walikuwa wakingoja tangu asubuhi.

Lakini sisi tuliozoea wodi tukasita. Mama mjamzito akija na kichwa kinachouma na miguu iliyovimba, ukampa vidonge vya maumivu bila kumpima presha na mkojo, kichwa kinaweza kutulia, na kifafa cha mimba kikamkuta nyumbani. Kuifuta taa si kuponya gari. Tukamshukuru kijana, tukaulizia fundi mwingine.

Tukaelekezwa kwa mzee mmoja chini ya mwembe. "Shikamoo fundi." "Marahaba mama zangu. Hebu nielezeni, lilianza lini?" Hapo tukajua tumepata mtu anayejua kazi.

Kwanza aliliendesha mwenyewe barabarani, akiliyumbisha taratibu kulia na kushoto. Akikata kulia mvumo unakuwa mkubwa. Akikata kushoto unafifia. "Tukikata kulia, uzito unalalia kushoto," akatueleza. "Mgonjwa yuko kushoto. Tairi bovu lisingebadili sauti hivi."

Akapiga jeki. Alishika tairi la mbele kushoto juu na chini, akalitikisa, nalo likacheza. Akalizungusha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika springi, akatuita tuguse. Tulisikia mkwaruzo mkononi kama mchanga. Lile la kulia lilikuwa kimya.

Mwisho ndipo akaunganisha mashine yake, nayo ikataja sensa ya gurudumu hilohilo. Tukauliza kama tununue sensa mpya. Akatabasamu. "Mashine haijasema sensa imekufa. Imesema habari zake haziaminiki. Sensa hii inahesabu mizunguko ya gurudumu. Beringi imelegea, gurudumu linayumba, nayo inahesabu vibaya. Tutibu beringi kwanza."

Beringi ililetwa kwa basi kutoka Korogwe. Kazi ilipokwisha alifuta taa, akaliendesha tena mbele yetu. Haikurudi. Mvumo nao ulikuwa umekwisha. Tukamwuliza ingekuwaje kama tungeendelea. Akautazama mlima. "Kupanda pengine mngepanda," akasema. "Ila beringi ikiharibika kabisa, gurudumu halina wa kulishika. Nami nawaza mngeshukaje."

Kwa hiyo, ndugu zetu, gari likitoa sauti mpya, msiifunike kwa redio. Mwambieni fundi ilianza lini, katika mwendo gani, na kona ya upande gani inaizidisha. Akitaka kuifuta taa kabla ya kuinua gurudumu, ulizeni sababu.

Tulipanda jioni, tukipita Soni giza likiingia. Baridi ya Lushoto ilitupokea, na wengi waliotungoja walikuwa wamekwenda zao. Tuliona haya. Tukawapima wachache waliobaki. Mmoja wao, mama wa makamo, presha yake ilikuwa juu mno, hata tukarudia kipimo mara mbili. Tukamwuliza kama anajisikia vibaya.

"Hapana," akajibu, "kichwa kinavuma tu. Nimeshauzoea."

Sisi sita tukatazamana. Usiku uleule tukampakia kwenye gari, tukampeleka hospitali.